Usisaini kwa jumla: namna ya kupima ofa ya kuhama ukiwa na miaka 32

Ofa ya mchezaji mkongwe wa soka mara nyingi huletwa ikiwa na namba moja kubwa: "Milioni 204 kwa miaka miwili." Meneja anaitaja kwenye simu, ndugu wanaisikia, na kufika jioni mtaa mzima umeshakusainisha. Namba hiyo iache kwanza. Chukua karatasi, uigawe ofa vipande vipande, na mbele ya kila kipande uandike mambo mawili: pesa inaingia tarehe ngapi, na inaingia kwa sharti gani. Kipande kisicho na tarehe kiandikie sifuri. Kijana wa miaka 21 akikosea hapa ana madirisha mengi ya usajili mbele yake. Wewe umebakiwa na mawili au matatu.

Tuchukue ofa mbili za mfano. Klabu A inatoa mwaka mmoja, mshahara wa milioni 4 kwa mwezi, na pesa ya usajili milioni 30 inayolipwa yote siku ya kusaini. Hiyo ni milioni 78. Klabu B inatoa miaka miwili, milioni 6 kwa mwezi, na pesa ya usajili milioni 60 kwa mafungu matatu: 20 siku ya kusaini, 20 mwezi Desemba, na 20 "baada ya msimu". Jumla yake ni ile milioni 204. Sasa fungua ukurasa wa nne wa mkataba wa B: "Klabu inaweza kusitisha mkataba huu wakati wowote kwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili." Ukiachwa baada ya miezi sita na fungu la Desemba bado "linashughulikiwa", umepata 20 ya kusaini, 36 ya mishahara na 12 ya kuvunjiwa. Milioni 68. Ofa iliyoonekana kumzidi A karibu mara tatu imekuwa ndogo kuliko ya A.

Hapo usikimbilie kuikataa B. Dai kifungu hicho kitoke. Kikitoka, klabu inayokuvunjia mkataba bila sababu ya haki hudaiwa, kwa msingi wa kanuni za FIFA, thamani ya mkataba uliobaki, na hupunguzwa kile utakachokipata klabu mpya kwa kipindi hichohicho. Mabaraza ya soka huwa yanavitilia shaka vifungu vinavyoipendelea klabu peke yake, lakini kukiondoa mezani ni kazi ya dakika tano, na kukipinga barazani kunaweza kula msimu mzima. Maneno "baada ya msimu" nayo yageuzwe kuwa tarehe, kwa mfano 30 Juni.

Kisha uliza kama mshahara umetajwa kabla ya makato au baada. Kwa Tanzania, hesabu ya milioni 5 kabla ya makato inakwenda hivi. NSSF, fungu lako la asilimia 10, ni 500,000. Inabaki 4,500,000 ya kutozwa kodi. Milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na 3,500,000 iliyobaki inakatwa asilimia 30, yaani 1,050,000. Mkononi unapata 3,322,000. Kwa hiyo klabu inayosema "milioni 4 mkononi" inaishinda ile ya milioni 5, mradi mkataba uandike wazi kwamba kodi na michango ni juu ya klabu. Na hakikisha michango inapelekwa kweli. Mchezaji wa miaka 32 anahitaji rekodi ya NSSF kuliko anavyohitaji bonasi ya goli.

Ofa ya Ghuba ina hesabu yake. Oman kwa sasa haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Sheria waliyoipitisha 2025 inaanza 2028 na inawagusa wenye kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Ila ukiambiwa "hakuna kodi", hesabu nyumba, tiketi za familia, ada za watoto na bima, maana huko ndiko faida inakovujia. Mkataba uandike ni sarafu gani, kiwango cha kubadilisha ni cha benki ipi na siku ipi, na nani analipia gharama za kutuma. Mkataba ukiwa na Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, tafuta mstari unaosema nakala ipi inatawala. Ikiwa ni ya Kiarabu, umtafute mtu wako wa kuisoma, asiwe wa klabu.

Bonasi zinahitaji ukatili kidogo. Chukua dakika ulizocheza misimu miwili iliyopita, si ule msimu bora uliowahi kuwa nao. Kama ulicheza mechi 17 kati ya 30, bonasi ya "mechi 25" ni sifuri. Bonasi ya ubingwa kwa timu iliyomaliza nafasi ya tisa ni sifuri pia. Kuziandika si vibaya. Ubaya ni kukubali mshahara upungue kwa ajili yake.

Swali la kucheza lenyewe lina pande tatu: nani yuko kwenye nafasi yako, kocha amebakiza mkataba wa muda gani, na ratiba ikoje. Mkongwe huitwa na kocha, na kocha akifukuzwa Novemba anayekuja ana watu wake. Beki wa kati na kipa huvumiliwa. Winga wa miaka 33 hupewa mechi nne tu. Kama timu ina mechi za CAF, uliza unasajiliwa kwenye orodha hiyo au la. Uliza na uwanja wa nyumbani: nyasi bandia zilizochakaa na kano ya kisigino inayouma asubuhi haviendi pamoja.

Sasa upande wa uhamisho. Kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani (si soka), klabu inaweza kumpeleka mchezaji klabu nyingine pamoja na mkataba wake, na isipokuwa ana kifungu cha kukataa, anapanda ndege. Kwenye soka letu hilo halipo. Klabu mbili zinaweza kukubaliana bei, au kubadilishana wachezaji na kuongeza pesa juu, lakini bila saini yako kwenye mkataba mpya hakuna kilichofanyika. Nguvu hiyo wengi huitoa bure, na huitoa kwenye karatasi moja: barua ya kutokuwa na madai. Klabu inayokuuza inakuwekea mbele barua inayosema umelipwa stahiki zote, "ili tuwaachie hati yako ya uhamisho." Ukiisaini huku unadai mishahara ya miezi mitatu, umeisamehe. Andika deni lako kwa takwimu, deni la kila mwezi na tarehe ya kulipwa, na usaini barua pesa ikishaingia. Au iandikwe kwamba klabu mpya inalilipa moja kwa moja kutoka kwenye ada ya uhamisho.

Angalia pia mkataba wako wa sasa umebakiza nini. Ukibakiza miezi sita au pungufu, kanuni zinaruhusu kuzungumza na kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Klabu hiyo inatakiwa kwanza kuitaarifu ya kwako kwa maandishi. Hapo ada ya uhamisho inashuka, na ukifika kuwa mchezaji huru inakuwa sifuri. Mnunuzi mwenye bajeti ya milioni 80 akiipa klabu yako 50, wewe unabakiwa na 30. Akisubiri hadi mkataba wako uishe Juni, una sababu ya kudai sehemu kubwa ya zile 50. Kusubiri nako kuna bei yake: goti likipasuka Aprili, ofa inakufa.

Ukishasaini mkataba wa awali na mmoja, usisaini na mwingine kwa kipindi hichohicho hata kama dau limeongezeka mara mbili. Kusaini timu mbili kunaleta fidia na hata kufungiwa miezi 4. Mkataba uliosainiwa baada ya kutimiza miaka 28 una kipindi cha ulinzi cha misimu miwili kamili au miaka miwili, kinachotangulia. Baada ya hapo adhabu ya kufungiwa inaondoka, fidia inabaki.

Kabla ya kusaini, ichunguze klabu kama wao wanavyokuchunguza. FIFA ina orodha ya wazi mtandaoni ya klabu zilizofungiwa kusajili. Tafuta jina lao humo. Kisha wapigie wachezaji watatu walioondoka ndani ya miaka miwili, hasa wageni, uulize mawili tu: pesa ya usajili mlimaliziwa? Mshahara ulikuwa unachelewa siku ngapi? Ukichelewa siku 10 kila mwezi, unaweza kuishi nao. Ukichelewa siku 70, mshahara wa milioni 6 uupime kama wa 4.

Vipimo vya afya vifanywe kwanza, saini baadaye. Kanuni za FIFA zinakataza mkataba kutegemea kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi, lakini vifungu hivyo bado vinaandikwa, na mkongwe ndiye anayevikuta vikimgeukia: amesaini, amehamisha familia, halafu anaambiwa goti halijaridhisha. Nenda na picha zako za MRI za magoti na ripoti za misuli ya nyuma ya paja. Mkataba useme klabu inalipia upasuaji na mshahara unaendelea kwa muda wote wa majeraha ya kazini.

Siku ya kusaini, saini kila ukurasa, na uondoke na nakala yenye mhuri siku hiyohiyo, si "kesho pitia ofisini". Kuwe na mkataba mmoja. Ukiona wa mshahara mdogo unapelekwa shirikisho na mkubwa unabaki kwenye droo ya katibu, jua kwamba siku ya kudai klabu itaushika ule mdogo. Meneja wako awe na leseni ya FIFA na mkataba wa uwakilishi usiozidi miaka 2, na ujue mapema analipwa na nani.

Mkataba pia uandike utaratibu wa klabu isipolipa. Chini ya kanuni za FIFA, klabu ikidaiwa mishahara isiyopungua ya miezi miwili, unaiandikia na kuipa angalau siku 15. Isipolipa, una sababu ya haki ya kuvunja. Barua haihitaji ukali:

"Hadi leo sijalipwa mishahara ya Septemba na Oktoba, jumla TSh 12,000,000. Naomba ilipwe ndani ya siku 15 tangu mpokeapo barua hii. Isipolipwa, nitasitisha mkataba kwa sababu ya haki."

Ipeleke kwa barua pepe rasmi ya klabu na kwa mkono, upate mhuri wa kupokelewa. Katika siku hizo 15 nenda mazoezini kila siku. Wengi wameharibu kesi nzuri kwa kubaki nyumbani, klabu ikapata la kusema. Mgeni hufungua madai yake FIFA, ndani ya miaka miwili, bila kulipia ada. Mzawa wa Tanzania huanzia Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF. SPUTANZA ya Tanzania na KEFWA ya Kenya ni vyama vya wachezaji vya kuuliza mapema.

Na kuna kile kifungu cha "mwaka mmoja wa nyongeza kwa hiari ya klabu". Kwa mtu wa miaka 33 hicho ni zawadi kwa klabu: ukicheza vizuri wanakubakiza kwa bei ya zamani, ukichoka wanakuacha. Geuza iwe nyongeza inayojiendesha yenyewe ukifikisha mechi fulani, lakini kuwa makini na idadi. Ligi Kuu ya Tanzania ina mechi 30. Ukiandika 15, mechi ya 14 ikipita unaweza kujikuta benchi hadi Mei bila maelezo. Andika 10 za kuanza, au dakika 900, na mechi za kombe zihesabiwe humo.