Jinsi ya kupigana na F-5E Tiger II kwenye DCS: injini zake, kombora zake, na makosa yanayokuua

Wengi wakishashusha DCS World, lile gemu la kompyuta la kurusha ndege za kivita kama za kweli, kitu cha kwanza wanachotamani ni F-16 au F/A-18, na ni ndege nzuri sikatai, ila mtu akiniambia anataka kujua kupigana angani kwa mikono yake mwenyewe namwambia achukue F-5E na akae nayo mwezi mzima. Hii ndege naipenda sana. Ni ndogo, ni nyepesi, haina kompyuta ya kukufikiria, na kila kosa unalofanya unaliona palepale kwenye kipima mwendo. Halafu kwa sisi wa huku sio ndege ya kwenye picha tu, Kenya wanairusha tangu 1978 na ndiyo walienda nayo Somalia kwenye operesheni ya 2011, na kabla ya hapo Ethiopia waliitumia vita ya Ogaden 1977 wakadungua MiG za Somalia, ndege za kivita za Kisovieti, zikiwemo MiG-21. Kwa hiyo ukiingia kwenye gemu ukakutana na MiG-21 ujue hiyo mechi ilishachezwa kweli angani kwetu huku Pembe ya Afrika.

Moduli yenyewe, yaani ndege unayoiongeza kwenye gemu, ilitengenezwa na Belsimtek ikatoka 2016. DCS yenyewe ni bure, unapewa Su-25T na TF-51 na ramani ya Caucasus, F-5E ndo unanunua. Usinunue kwanza, kuna utaratibu wa kujaribu moduli siku 14 bila kulipa, tumia hizo siku vizuri. Andaa bando la kutosha na SSD maana hilo gemu ni zito kweli, kwenye hadidiski ya zamani utasubiri misheni ifunguke mpaka ukate tamaa.

Tuanze na injini kwa sababu kila kitu kinatokea hapo. Zipo mbili, J85 za General Electric, kila moja inasukuma kama paundi 3500 ukiwa bila aftabana (kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya injini ili kuongeza msukumo) na paundi 5000 ukiwasha aftabana. Jumla 10000. Sasa MiG-21bis ina injini moja tu lakini hiyo moja inatoa zaidi ya 15000 kwenye aftabana, na chini chini ina ile aftabana ya dharura inayoongeza tena kwa dakika chache. Ndege yako ni nyepesi, tani 4.3 hivi ikiwa tupu, lakini bado hesabu haikai upande wako. Maana yake ni hii: mwendo ukishaupoteza kwenye kona, kuurudisha ni kazi ndefu, mwenzako anaurudisha haraka kuliko wewe. Kwa hiyo mwendo wa F-5 ni kama akiba ya chakula cha kiangazi, unautumia kwa kipimo, ukila wote siku ya kwanza umekwisha.

Mimi najiwekea hivi. Naingia kwenye pambano nikiwa na noti 450 hivi (noti ni maili za baharini kwa saa). Nikipiga kona napenda mshale ubaki kati ya 350 na 420, hapo ndege inageuka vizuri na bado ina uhai. Ikishuka chini ya 300 naacha kuvuta, hata kama adui namuona pale pale mbele yangu na roho inataka, naacha. Nasukuma stiki mbele kidogo mpaka ndege iwe nyepesi kabisa kwenye kiti, pua chini ya upeo, aftabana zote, nahesabu sekunde kadhaa mpaka mwendo urudi. Huu mchezo wa kulegeza stiki ndo watu wengi hawaujui, wanadhani ukivuta kwa nguvu muda wote ndo unageuka zaidi, kumbe unakaba ndege yako mwenyewe shingo.

Flapsi, vile vipande vya bawa vinavyoshuka kusaidia ndege kugeuka, weka AUTO. Kuna swichi ndogo ya kidole gumba kwenye throto (mpini wa nguvu za injini), ukiiweka AUTO flapsi zinajipanga zenyewe kufuata mwendo na jinsi unavyovuta pua, na tofauti kwenye kona unaiona. Nimeshakutana na watu wamecheza miezi hawajawahi kuigusa.

Kingine ni G, yaani uzito unaongezeka mara ngapi ukivuta kona. Ndege imejengwa kuvumilia 7.33 ikiwa nyepesi, ukiwa umebeba tangi au mabomu ni chini ya hapo. Mimi wiki ya kwanza nilivuta kwa nguvu zote nikiwa na noti 500 na tangi la katikati bado lipo, bawa likakatika, nikabaki nashangaa nani kanipiga kumbe hakuna aliyenipiga. Tupa tangi kabla hujaingia vitani. Na kwenye mipangilio ya jostiki lainisha kidogo mkunjo (curve) wa mhimili wa kupandisha na kushusha pua, mimi nimeweka 15, kama jostiki yako ni ya bei nafuu yenye mpini mfupi itakusaidia sana kwenye kulenga.

Kuwasha. F-5 haina uwezo wa kujiwasha injini kwa nguvu yake, inahitaji hewa kutoka nje, kwa hiyo washa betri, ita mafundi wa chini kwenye menyu ya redio, waambie waunganishe hewa kisha waifungulie, injini ikifika asilimia 10 ya mzunguko bonyeza kitufe cha kuwashia na peleka throto kwenye idle (nguvu ya chini kabisa). Subiri itulie kama asilimia 50, rudia ya pili, waambie waondoe. Kabla ya kuruka kuna swichi ya kuinua mguu wa mbele, iinue, pua inakaa juu zaidi na ndege inaondoka mapema, bila hiyo utaila njia yote ya kurukia hasa ukiwa na mzigo. Aftabana zote mbili, ikikaribia noti 140 vuta stiki nyuma taratibu, itaondoka yenyewe kwenye 150 na kitu au 160 na kitu kutegemea uzito. Magurudumu juu mapema kabla hujafika 240.

Sasa silaha.

Kwenye ncha za mabawa unabeba Sidewinder (AIM-9, kombora la kufuata joto) mbili, basi, mbili tu, hakuna ya tatu. Na hapa kuchagua aina ndo kila kitu. AIM-9B ni ya zamani sana, inaona moto wa injini kwa nyuma tu na ukiifyatua huku unapiga kona inakosa, unatakiwa uwe umetulia nyuma ya adui ambaye naye hageuki, yaani adui aliyelala. AIM-9P ni afadhali kubwa, bado ya nyuma lakini inavumilia. AIM-9P5 ndo inaweza kumshika adui hata akiwa anakuja mbele yako, seva nyingi za enzi ya vita baridi wanaizuia au wanaipunguza, kwa hiyo jifunze na P ya kawaida usizoee kudekezwa na P5.

Kombora la F-5 halifuati rada. Jicho lake linaangalia mbele moja kwa moja, wewe ndo unatakiwa uipeleke pua ya ndege mpaka adui aingie kwenye duara la kioo cha kulengea, ukisikia ule mlio wa kunguruma umebadilika ukawa mkali na imara ndo kombora limeona moto. Ongeza sauti ya kombora kwenye paneli ya silaha kabla hujaruka, kuna kirungu chake, watu wengi wanalalamika kombora halifanyi kazi kumbe sauti iko chini hawasikii chochote. Na usifyatue kwa sababu tu umesikia mlio! Jiulize adui anaelekea wapi, yuko umbali gani, anageuka kwa nguvu kiasi gani. Mimi nasubiri awe ndani ya maili moja na nusu, nyuma yake, na mimi sijavuta zaidi ya 2G. Kombora mbili ni nafasi mbili za kumaliza mechi, usizitupe kwa tamaa.

Rada ni APQ-159, ni ya kutafuta ndege za angani tu na ina udhaifu mmoja mkubwa, haiwezi kuangalia chini. Adui akiwa chini yako karibu na ardhi skrini inajaa takataka za mwangwi wa milima huwezi kumuona. Kwa hiyo kama unatafuta kwa rada kaa chini kuliko adui, tazama juu kuelekea angani ambako hakuna mwangwi. Na hiyo hiyo ndo kinga yako, rada ya MiG-21 nayo ina shida ile ile, ukipita bondeni chini chini hakuoni. Kuishika ndege nyingine kwa loki (rada kumng'ang'ania adui mmoja) mbali sana usitegemee, maili 10 kushuka ndo nafanya kazi nayo kweli. Ila macho yako ndo rada ya kwanza, zungusha kichwa muda wote, na kama huna kifaa cha kufuatilia kichwa nunua hicho kabla ya moduli nyingine yoyote.

Kwenye pambano la karibu kuna swichi ya dogfight kwenye stiki, upande mmoja inakupa kombora na upande wa pili inakupa mizinga, na rada inaanza kujishikia yenyewe chochote kilicho mbele karibu. Ipange kwenye kitufe unachokifikia bila kufikiri.

Mizinga ndo roho ya hii ndege kwa maoni yangu. Ni M39 mbili za milimita 20, zimekaa kwenye pua juu kabisa, risasi 280 kila mmoja. Ukishikilia kitufe zinaisha ndani ya sekunde kumi na kidogo, kwa hiyo unapiga vipande vifupi vya nusu sekunde. Kwa kuwa zimekaa puani na sio mbawani risasi zinaenda pale pale unapoangalia, hakuna kupishana. Rada ikiwa imeloki, kioo kinapiga hesabu ya umbali na nukta inahama kukuonyesha utangulize kiasi gani. Bila loki kinakisia umbali, na ndo hapo wengi wanakosa wanasema mizinga mibovu. Cha muhimu ni subira: weka nukta juu ya adui, ishikilie hapo bila kutikisika kwa muda mfupi mpaka hesabu itulie, ndo upige. Ukiburuza nukta kwa haraka kumpita adui halafu ukapiga, risasi zinaenda nyuma yake. Umbali ni futi 2000 kushuka, mimi nangoja 1500 na nikimuona amejaa kwenye kioo najua yuko tayari.

Ukikutana na MiG-21 mpango wenyewe ni huu. Usimfukuze akipanda juu wima, atakuacha unaning'inia hewani bila mwendo halafu anakugeukia. Usimfukuze akikimbia moja kwa moja pia, yeye anafika Mach 2 (mara mbili ya kasi ya sauti) huko juu wewe unaishia 1.6 kwenye siku nzuri. Mlazimishe ageuke. Bawa lake la pembetatu linakula mwendo vibaya sana kwenye kona kali, mzunguko wa kwanza ataonekana yuko sawa na wewe, wa pili anaanza kuzama, hapo wewe uliyetunza mwendo wako unaanza kumpata nyuma. Marubani wa Marekani waliitumia F-5E kuigiza MiG-21 kwenye mafunzo yao miaka mingi, zinafanana umbo na ukubwa kiasi kwamba kwa mbali utazichanganya, kwa hiyo hakikisha ni nani kabla hujafyatua. Pia usimpe uso kwa karibu kama amebeba R-60M, kombora lake la kufuata joto, maana ile inakushika hata mbele, geuka upande mapema na zima aftabana kwanza ndo umwage fleya (vimoto vya kudanganya kombora), ukimwaga fleya huku aftabana inawaka kombora linachagua moto mkubwa, yaani wewe. Fleya unazo 15 tu, weka swichi zake tayari ukiwa bado chini uwanjani.

Mabomu nitasema kwa ufupi maana siyo nguvu yake. Inabeba Mk-82 na ndugu zake, roketi pia, lakini hakuna kompyuta ya kukuambia bomu linaangukia wapi. Weka kioo kwenye MAN (kulenga kwa mkono), kuna kirungu cha kushusha nukta, chagua pembe moja ya kushuka, mwendo mmoja na urefu mmoja wa kuachia, usibadilishe. Achia moja uone. Likianguka kabla ya shabaha shusha nukta zaidi, likipita shabaha ipandishe. Andika namba kwenye karatasi. Baada ya jioni mbili utakuwa na jedwali lako mwenyewe, na ukishaachia usikae kuangalia mlipuko, fanya kama mwewe, akishashuka kwenye vifaranga hageuki kuangalia, anaondoka.

Mafuta angalia kila mara, ndani unabeba kama paundi 4400 na aftabana inayanywa kama maji. Mimi nikiona 1500 pambano limeisha kwangu, narudi nyumbani hata kama kuna adui dhaifu pale.

Kutua usikimbie, magurudumu na flapsi chini, shikilia noti 145 mpaka 155 kutegemea mafuta yaliyobaki, taa za pembe ya upepo pembeni ya kioo zikionyesha duara la katikati uko sawa. Mafuta yakiwa mengi ongeza mwendo kidogo. Gusa na matairi ya nyuma, acha pua juu ikusaidie kupunguza mwendo, ishushe taratibu, na ukishakuwa chini ya 180 vuta parashuti ya nyuma, breki bonyeza kwa upole maana ukizikanyaga kwa nguvu tairi zinapasuka na utaishia kwenye majani pembeni ya njia.