Kudhibiti mwani katika tangi jipya la samaki

Tangi jipya la samaki likianza kufunikwa na utando wa kahawia katika wiki za mwanzo, wengi hudhani kuna kitu kimeharibika, wakakimbilia kununua dawa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuenea katika kichujio na changarawe, na kwa kuwa katika kipindi hicho mimea nayo haijashika mizizi, mwani hupata mwanga na virutubisho bila mshindani. Vipunguze hivyo viwili. Dawa ziache, hasa zenye shaba, kwa sababu huua konokono na uduvi.

Anza na taa. Iwashe kwa muda wa saa 6 kwa siku, isizidi 8 hata baadaye, na kama tangi liko karibu na dirisha lipigwalo na jua, lihamishe au uweke pazia zito, maana jua likiingia, kupunguza taa hakutasaidia kitu. Walishe samaki mara moja kwa siku, kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika chache, kwani chakula kinachozama na kuoza ni mbolea ya mwani.

Kila wiki badilisha robo ya maji huku ukifyonza uchafu wa changarawe kwa mpira wa maji. Maji ya bomba yaondolewe klorini kabla ya kuingia tangini. Sifongo ya kichujio isuuzwe katika ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini itawaua bakteria wale wale unaowasubiri.

Utando wa kahawia ni diatomu, yaani mwani mdogo sana wa seli moja, ambazo hutumia silika (madini yaliyomo pia katika mchanga) iliyomo majini. Hufutika kwa kitambaa safi na kwa kawaida huisha zenyewe silika inapopungua. Maji yakiwa ya kijani kama mchicha uliosagwa, zima taa na ulifunike tangi kwa blanketi zito siku 3, huku pampu ya hewa ikifanya kazi usiku na mchana, kwani mwani unaokufa huoza na kumaliza oksijeni, ambayo katika maji ya joto huwa haba tangu mwanzo. Ukilifunua, badilisha maji siku hiyo hiyo. Utando wa kijani-bluu unaoteleza na kunuka ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani: ufyonze, kisha ongeza mwendo wa maji.

Mimea inayokua haraka, kama Ceratophyllum demersum, hunyang'anya mwani virutubisho, nami naiona bora kuliko chochote kinachouzwa katika chupa. Inaota pia katika Ziwa Victoria, lakini nakusihi usiingie ziwani kuichuma, kwa sababu konokono wa kando ya ziwa hueneza kichocho. Inunue kwa mfugaji. Inayozidi ianike ikauke kabisa, wala usiitupe mtoni; madhara ya magugu maji katika ziwa hilo yanatosha.

Anayefuga samaki wa jamii ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika asugue kioo cha mbele tu na kuacha mawe yaote mwani, kwa kuwa samaki hao huula. Asiwatie tangini, hata hivyo, kabla vipimo havijaonyesha amonia na nitriti kuwa sifuri, maana katika maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, kama ya ziwa lao, amonia huwa na sumu kali zaidi.