Kuvuta tela dogo kwa Probox: ninavyofanya nikipeleka viti vya harusi

Gari dogo linavuta, hilo halina ubishi. Probox ya cc 1500 ukiitia gia ya kwanza inaondoka na tela lililojaa viti utadhani halina kitu. Kazi ni kulisimamisha. Matela haya tunayochomelewa mtaani hayana breki zake, kwa hiyo kila kilo uliyopakia inasimamishwa na breki za gari peke yake. Ninakodisha viti na maturubai hapa Korogwe, mwaka wa saba sasa, na karibu kila balaa lililonipata barabarani lilianzia uani wakati wa kupakia. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye upakiaji kuliko kwenye usukani.

Hatua ya 1: Hesabu ya uzito kabla ya kumwita fundi

Kanuni ninayofuata ni ya Ulaya: tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari likiwa tupu. Kati ya hizo mbili unashika iliyo ndogo. Probox yangu ni tani moja na kidogo, kwa hiyo kikomo changu ni kama kilo 520. Angalia pia kitabu cha gari, maana yapo magari madogo ambayo kiwanda kimekataza yasivute kabisa, na kama lako ni mojawapo, mjadala umeisha. Changu kiliandikwa Kijapani. Mpwa wangu alikisoma kwa kamera ya simu.

Sasa pima mzigo wenyewe, usikisie. Nilibeba viti 10 vya plastiki hadi kwa jirani yangu anayenunua mahindi, nikavitundika kwenye mizani: kilo 23. Viti 100 ni kilo 230. Turubai na mabomba yake, kilo 100. Tela tupu, kilo 160. Jumla 490, niko salama. Mteja akitaka viti 150 hesabu inaruka hadi kilo 605, na hapo huwa namwambia wazi kwamba kuna tripu ya pili na ya pili inalipiwa. Wengine hununa. Wakinuna nawaonyesha karatasi ya hesabu.

Hatua ya 2: Ndoano

Magari haya hayana chasisi ndefu kama ya Land Cruiser. Yana mihimili miwili ya bodi inayopita chini ya buti, na bolti za ndoano, yaani chuma cha nyuma ya gari kinachoshika tela, lazima zipite hapo, upande wa pili ziwekewe pleti nene. Fundi akikwambia atachomelea kwenye bampa, mshukuru, ondoka.

Gololi, yaani kile kichwa cha duara ambacho tela linakalia, inayopatikana kwa wingi ni ya milimita 50. Zipo pia za Kimarekani za inchi 1 na 7/8, ambazo ni milimita 47 na ushee. Kikombe cha 50, yaani kile cha kwenye shingo ya tela kinachomeza gololi, kikiwekwa juu ya hiyo ndogo kinafungika vizuri tu mkiwa uani, kisha kinachomoka kwenye tuta. Pima kwa venia, kile kipimo cha fundi cha kubana. Mwambie fundi apange kimo cha ndoano ili tela likifungwa likae usawa, lisiinue pua wala kuinamisha.

Kama tela bado halijatengenezwa, omba habu zenye matundu ya bolti sawa na ya gari lako. Tairi moja ya akiba itatosha kote kuwili.

Hatua ya 3: Taa

Plagi ya kawaida ina pini 7. Rangi zake kwa mpangilio wa Ulaya: njano ni indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeupe ni ethi (waya wa kurudisha umeme), na bluu ni ya taa ya ukungu ambayo wengi wetu hatuna. Fundi umeme wa mtaani huunganisha kwa rangi ya waya alizonazo mfukoni, kwa hiyo usiondoke kabla hujamsimamisha mtu nyuma akakupigia kelele: kushoto, kulia, breki.

Ukiwasha indiketa ya kulia halafu taa zote za tela zikapepesa kwa pamoja kama disko, usihangaike na balbu. Ni ethi. Waya mweupe umelegea au umeshika kutu, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Usitegemee gololi ipitishe ethi, maana ina grisi. Peleka waya wake hadi kwenye plagi.

Rifrekta nyekundu nyuma, na namba ya tela yenyewe. Trafiki wa barabara ya Segera huanzia hapo.

Hatua ya 4: Kupakia

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, kisha sogeza kidogo kuelekea gari. Nasema kidogo kwa sababu shingo ya tela inapaswa kuikandamiza ndoano kwa uzito fulani: kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kwa kilo zangu 490 ni kati ya 25 na 49, nami hulenga 35. Ukizidisha, matako ya gari yanakaa chini, magurudumu ya mbele yanapungua nguvu ya kushika lami, na taa zako zinamulika minazi. Angalia pia kibao cha ndoano kama kina kikomo chake. Ukipunguza mno, tela linacheza.

Kupima ni rahisi. Tumia mizani ya kupimia watu, ileile ambayo vijana huzunguka nayo stendi. Iweke chini ya kikombe, simamisha kipande cha mbao juu yake chenye kimo sawa na gololi, shusha shingo ya tela juu ya mbao, soma. Ikionyesha 15, sogeza viti mbele safu moja, soma tena.

Nilijifunza hivi kwa gharama. Mwaka wa kwanza nilipanga viti mbele kwa sababu vinapangika vizuri, kisha mabomba ya turubai, marefu na mazito, nikayasukumia nyuma hadi yakachomoza nje. Kati ya Korogwe na Mombo, kwenye mteremko mdogo tu, mshale ulipogusa 80 nikahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa gari la mtoto. Kwenye kioo tela linaenda kushoto, linarudi kulia, kila safari likiongeza. Msaidizi wangu alianza kusali kwa sauti. Niliachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, mguu nikauweka mbali na breki. Likatulia lilipofika 50 hivi. Ungejaribu kulifukuza kwa usukani, au ukanyage breki ghafla, lingekupindua. Siku hizi mabomba yanalala katikati juu ya ekseli, na viti ndivyo vinavyoyazunguka.

Funga kwa mikanda ya rachet kama unayo, au kamba za katani zilizokazwa kwa kijiti. Viti vya juu vitie wavu. Kiti kimoja cha plastiki kikiruka kwa 60 kinavunja kioo cha bodaboda na meno yake.

Hatua ya 5: Kufunga tela

Rudisha gari hadi gololi iwe chini ya kikombe, shusha, funga kishikio, tia pini. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka: shika shingo ya tela, inua kwa nguvu. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nayo, kimeshika. Kikombe kikiinuka peke yake, kilikuwa kimekaa juu ya gololi bila kuimeza.

Minyororo iwe miwili, ipishane kama X chini ya shingo. Kikombe kikichomoka, shingo inaangukia kwenye minyororo badala ya kujichimbia kwenye lami. Iache ilegee kiasi cha gari kukata kona, isiburuze.

Upepo wa tairi pima zikiwa baridi, na za nyuma za gari ziongeze kadiri ya kibandiko cha mlangoni kinachoelekeza kwa gari lenye mzigo.

Hatua ya 6: Barabarani

Mimi huishia 70 kwenye lami nzuri. Ukifika kilomita 15 au 20 za kwanza, simama, gusa habu za tela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, beringi imekazwa mno au imekauka grisi, na usiendelee nayo.

Tuta moja linakuwa matatu: magurudumu ya mbele, ya nyuma, kisha tela. Watu hukanyaga mafuta baada ya la pili. Na basi kubwa likikupita, upepo wake unalisukuma tela kwanza kisha unalivuta. Shika usukani, usijibu.

Mlima ndio mtihani. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita kama 33 za kona tupu, ukipitia Soni. Kupanda, zima overdrive, yaani gia ya juu kabisa, kama gari ni otomatiki, usiiache irukeruke kati ya gia mbili maana inapasha oili moto. Angalia mshale wa joto. Kushuka, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Breki kanyaga kwa nguvu ya kiasi, punguza mwendo, achia kabisa zipoe, kisha rudia. Usilaze mguu juu yake kilomita nzima. Ukisikia harufu kama ya pasi iliyounguza nguo, tafuta sehemu pana, simama nusu saa, usimwagie maji. Kanyagio likianza kuzama kuliko kawaida umeshachelewa kusimama.

Hatua ya 7: Kurudi nyuma

Shika usukani chini, pale saa 6. Mkono ukienda kushoto, nyuma ya tela inaenda kushoto. Tela fupi lina hasira kuliko refu, linajikunja kabla hujapepesa macho, kwa hiyo sogeza usukani kidogo sana, na likianza kujikunja songa mbele unyooshe. Fanya mazoezi uwanjani na tela tupu, Jumapili. Uchochoro wa bibi harusi, mbele ya wapishi na watoto wote, si mahali pa kujifunzia. Au lichomoe, mlisukume kwa mikono. Mimi bado hufanya hivyo.

Hatua ya 8: Kushusha

Jiwe kwenye magurudumu ya tela kwanza, kisha ndiyo uguse kishikio. Kama unashusha mzigo tela likiwa limechomolewa, anza na vya nyuma. Harusi yangu ya kwanza kule Soni, vijana walianza na vya mbele. Shingo ya tela ikaruka juu, viti vilivyobaki vikateremka kwa mgongo hadi kwenye sufuria za pilau. Nililipia sufuria mbili.