Unaandika miongozo lakini kodi (lugha za kuandikia programu za kompyuta) hujui? Jaribu kuandika taratibu za kazi
Maghala na viwanda vinavyofuata ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, hutakiwa kuwa na maelekezo muhimu kwa maandishi, na wasimamizi wengi hawana muda wa kuyaandika. Hapo panahitaji jicho na subira kuliko kodi za kompyuta. Tengeneza sampuli ya ukurasa mmoja, mfano kupokea mzigo. Mtazame anayeifanya kazi, kisha andika kila hatua kwa kitenzi. Usiandike “hakikisha mzigo uko sawa”. Andika “hesabu katoni, linganisha na hati ya mzigo, andika pungufu kabla dereva hajaondoka”. Mpe mtu asiyeijua kazi hiyo aifuate, wewe nyamaza kabisa: anaposita ndipo pa kurekebisha. Kwa kemikali au umeme mkubwa hii haitoshi. Lazima mtaalamu wa fani hiyo akague.