Namna ya kuvuka usiku wa kwanza, na wa ishirini, katika Don't Starve Together

Kila Jumamosi alasiri mimi huwasimamia vijana wanaocheza pamoja katika chumba kidogo cha kompyuta mtaani Umoja, Nairobi, na karibu kila mgeni wa mchezo huu hufa kwa namna ileile. Jina la mchezo linamwonya asife njaa, naye hulitii jina hilo kwa bidii kubwa, kwa hivyo siku nzima huchuma matunda na kung'oa karoti. Jua linapotua hujikuta na mkoba uliojaa chakula na mikono isiyo na kitu cha kuwasha. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa na kampuni ya Klei Entertainment ya Vancouver, Kanada. Toleo la mchezaji mmoja lilitoka mwaka 2013, na toleo la wachezaji wengi likakamilika mwaka 2016. Takwimu nitakazozitaja ni za toleo hilo la pili, katika dunia ambayo mipangilio yake haijabadilishwa, na mhusika ninayemfikiria ni Wilson, ambaye ndiye ninayempendekezea kila anayeanza kwa kuwa hana udhaifu wa ajabu wa kumsumbua.

Hatua ya kwanza: Fahamu kinachoua

Wengi hudhani kwamba usiku ni hatari kwa sababu ya wanyama. Buibui hutoka katika viota vyao machweo, hilo ni kweli, lakini mchezaji aliye mbali na viota hawezi kuuawa nao. Kinachoua ni giza lenyewe. Ndani yake mna kiumbe asiyeonekana, ambaye mchezo unamwita Charlie, na mtu akisimama mahali pasipo na mwanga kwa sekunde chache tu husikia sauti ya onyo, kisha hupigwa. Pigo moja hupunguza afya kwa pointi 100, ilhali Wilson ana pointi 150 tu, maana yake ni kwamba pigo la pili humaliza mchezo. Pigo hilo pia humpunguzia pointi 20 za akili timamu, kipimo cha utulivu wa akili ya mhusika. Charlie hapigiki wala hakimbiliki, kwa sababu giza liko kila upande. Mwanga ndio kinga pekee ya anayeanza, hata ukiwa ni wa mwenge mmoja mkononi.

Hatua ya pili: Isome saa, usiitegemee desturi ya nyumbani

Hapa ndipo sisi wa Nairobi tunapokosea kuliko watu wa mbali, na nimeliona jambo hili mara nyingi mno kulinyamazia. Tumezaliwa karibu na ikweta. Mwaka mzima jua letu huchwa baada ya saa kumi na mbili jioni, Januari kama Julai, tofauti ikiwa ni ya nusu saa hivi, kwa hivyo hakuna mtu aliyewahi kutufundisha kwamba urefu wa usiku unaweza kubadilika. Mchezo huu ulibuniwa na watu wa kaskazini, na usiku wake hurefuka na kufupika kulingana na msimu.

Siku moja ya mchezo huchukua dakika 8 za kweli. Saa iliyo kwenye pembe ya juu kulia ya skrini imegawanywa katika sehemu 16, kila moja ikiwa na sekunde 30. Sehemu za manjano ni mchana, zenye wekundu uliofifia ni machweo, na zilizobaki ni usiku. Katikati ya msimu wa kwanza, ule wa kupukutika majani, mchana huwa na sehemu 8, machweo 6 na usiku 2, yaani usiku wa dakika moja tu. Hata hivyo, misimu haibadiliki kwa ghafla, bali urefu wa usiku husogea kidogo kidogo, na siku za mwanzo kabisa usiku huwa mrefu kuliko dakika hiyo moja. Kwa hiyo usikariri takwimu zangu ukaacha kuitazama saa. Kila asubuhi hesabu sehemu za giza, zidishe kwa sekunde 30, na hapo utakuwa umejua deni la mwanga unalopaswa kulilipa jioni.

Hatua ya tatu: Siku ya kwanza, mwanga kabla ya chakula

Wilson huanza na pointi 150 za shibe, na hutumia 75 kwa siku. Anaweza basi kukaa siku mbili nzima bila kuonja kitu chochote, kwa hivyo njaa haiwezi kumuua siku ya kwanza. Chakula kichumwe kikiwa njiani tu, wala kisimtoe mtu katika kazi yake.

Kazi yenyewe ni kukusanya nyasi na vijiti. Mwenge mmoja huhitaji nyasi 2 na vijiti 2, na huwaka kwa sekunde 75. Kwa usiku mfupi wa katikati ya msimu unatosha, lakini kwa usiku wa sehemu tatu, ambao ni sekunde 90, utazimika kabla ya mapambazuko, na hizo sekunde 15 zilizobaki zinamtosha Charlie kabisa. Mimi humtaka kila mwanafunzi awe na nyasi 20 na vijiti 12 kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Zinatosha mienge, shoka na moto wa kambi, na ziada itabaki.

Ukiokota jiwe la gumegume, liunganishe na kijiti kimoja upate shoka. Msonobari mrefu huangushwa kwa mapigo 15 na kutoa magogo 3, nao mdogo hutoa gogo moja kwa mapigo 5, hivyo kwa kila pigo faida ni ileile, ila mrefu humwachia mtu koni mbili za kupanda. Zitunze koni hizo. Baada ya siku za mwanzo, mti unaokatwa unaweza kumwamsha jirani yake akageuka mti mlinzi na kumwandama mkataji, naye hutulizwa kwa kupandiwa koni kadhaa karibu yake. Wakata miti wa mjini kwetu wangekuwa na adabu zaidi laiti jambo hili lingetokea katika msitu wa Karura.

Hatua ya nne: Chagua moto unaokufaa

Moto upo wa aina mbili, na kuielewa tofauti yake ni nusu ya mchezo.

Moto wa kambi hujengwa kwa nyasi 3 na magogo 2, popote pale, bila mashine yoyote. Huwaka kwa dakika 2 na sekunde 15 usipoongezewa kitu, kisha huwa majivu. Huo ni moto wa msafiri. Shimo la moto huhitaji magogo 2 na mawe 12, na mawe hupatikana kwa sururu ya vijiti 2 na gumegume 2. Shimo hilo halipotei: moto ukizimika, mawe hubaki yakikungoja kama mafiga ya nyumbani. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba shimo hutumia kuni vizuri maradufu. Gogo moja huongeza sekunde 45 katika moto wa kambi, lakini katika shimo huongeza sekunde 90. Mtu wa Nairobi aliyewahi kuhama kutoka jiko la bati tupu kwenda jiko lenye udongo ndani hahitaji maelezo zaidi.

Usiwashe moto wakati wa machweo. Machweo hayana Charlie, na mwanga wake unatosha kukata miti na kuchuma. Mwanafunzi mwenye hofu huwasha mapema, akateketeza kuni zake zote mchana ungali na rangi, kisha huanza kuhangaika usiku unapoingia kwa kweli. Simama mahali utakapojenga, uwe na vifaa mkononi, na uwashe sehemu ya mwisho ya machweo inapokaribia kwisha. Moto ukipungua, duara la mwanga nalo husinyaa, kwa hivyo ongeza gogo mapema, kabla hujajikuta ukingoni mwa giza. Mvua ikinyesha, kuni huisha haraka kuliko hesabu yako.

Jenga mbali na miti na nyasi kavu. Mwenge pia una hatari yake, kwani unaweza kuutumia kuwasha kitu kwa kubofya vibaya. Mwaka jana kijana mmoja alitaka kuchuma nyasi akashika mwenge, na msitu wote wa upande wa kaskazini ukageuka makaa huku wenzake wanne wakimtazama kimya.

Ukikwama njiani, shika mwenge, tembea, na uuweke mkobani mara upatapo mwanga mwingine. Mwenge uliowekwa hauendelei kuungua, na kilichobaki hukusubiri usiku unaofuata.

Hatua ya tano: Usiku ni wa kazi za mezani

Katika michezo mingine ya msituni mtu hulala na kuamka asubuhi papo hapo. Hapa kulala hakurukishi wakati, hivyo usitumie nyasi zako kutandika kitanda siku za mwanzo. Pika badala yake. Matunda yaliyochomwa hushibisha zaidi ya mabichi, na uyoga wa kijani, ambao ukiliwa mbichi huondoa pointi 50 za akili timamu, ukichomwa huongeza 15. Giza hupunguza akili timamu hata ukiwa salama, kwa hiyo uyoga huo ni dawa ya usiku. Tengeneza pia mkoba wa mgongoni kwa nyasi 4 na vijiti 4.

Akiba haiozi, husema wazee, na katika mchezo huu ni kweli kwa kuni, nyasi na mawe, lakini matunda huoza.

Usiku wa 11 mwezi huwa mpevu, na hauhitaji moto wowote. Tembea na kukusanya upendavyo, lakini wapitie mbali nguruwe unaowajua, maana mwezi huo huwageuza kuwa wakali.

Hatua ya sita: Mkiwa wengi

Moto mmoja huangaza watu wote, lakini kila mmoja hudhani mwenzake ameleta kuni. Sisi humteua mtu mmoja awe mwenye moto, naye haruhusiwi kwenda mbali machweo. Mwenzenu akifa huwa mzimu, na mzimu hupunguza akili timamu ya walio hai, hivyo mrudisheni kwa moyo unaotengenezwa kwa nyasi 3 na tezi moja ya buibui. Kuutengeneza humgharimu mtengenezaji pointi 40 za afya, kwa hiyo afanye hivyo mwenye afya kamili.

Hatua ya saba: Jiandae kwa usiku wa dakika tatu

Kipupwe huanza siku ya 21 na kudumu siku 15. Wengi waliozoea kipupwe chetu cha Julai, ambacho hukivumilia kwa sweta na chai, hawakijali. Katikati ya kipupwe cha mchezo, mchana hubaki na sehemu 5, machweo 5, na usiku hufika sehemu 6, yaani dakika 3 kamili, huku baridi ikiuma hata mchana.

Fanya hesabu ukiwa siku ya 15 au 16. Usiku wa sekunde 180 katika shimo la moto unahitaji magogo 2 kwa uchache, lakini moto unaokaribia kuzimika hutoa duara dogo na joto haba, kwa hivyo mimi huhesabu magogo 4 kwa kila usiku. Kwa siku 15 hayo ni magogo 60, sawa na misonobari mirefu 20. Ongeza jiwe la joto, linalotengenezwa kwa mawe 10, sururu moja na gumegume 3 ukiwa na mashine ya alkemia, ambayo hutanguliwa na mashine ya sayansi inayojengwa kwa kipande 1 cha dhahabu, magogo 4 na mawe 4. Jiwe hilo huwekwa karibu na moto usiku kucha likapata joto, kisha hubebwa asubuhi mkobani, nalo ndilo litakaloamua utafika umbali gani kabla ya kulazimika kurudi shimoni.