Mwaloni wa Mwanza: kupanda na kutunza mgrivea uani

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba unatafuta mwaloni, atakuelekeza Kirumba, kwenye mwalo wa dagaa na sangara. Mti wenye jina hilo wengi wetu tumekutana nao kwenye Biblia tu, kwenye mialoni ya Mamre alikopiga hema Abrahamu. Kwa hiyo ukiuziwa mche kwa jina la mwaloni, tazama majani kwanza. Yakiwa yamechanikachanika kama ya jimbi na upande wa chini yana rangi ya fedha, huo ni mgrivea, mti wa mashariki mwa Australia. Kwa Kiingereza huitwa mwaloni wa hariri, lakini na mwaloni hawana undugu.

Wala hujapata hasara. Mwaloni wa Ulaya umezoea majira ya baridi kali, na mbegu yake ikikauka imekufa. Mgrivea unaridhika na mwinuko wetu wa mita 1,100 na ushee, na kiangazi unakivumilia ukishashika mizizi.

Kitaluni usikimbilie mche mrefu kuliko yote. Mara nyingi huo umekaa kwenye kiriba hadi mizizi ikajizungusha chini, na mti wa namna hiyo huanguka ukiwa mkubwa. Chukua wa sentimita 30 hadi 40, wenye shina lililonyooka.

Udongo wa luseni, ule wa kichanga wa miinuko yetu, unaufaa. Mbuga, ule udongo mzito unaotuamisha maji, haifai kabisa. Usijidanganye kwamba mti utaizoea. Kwa wenzangu wa milimani, Isamilo au Bugarika, piga mtaimbo kabla hujachimba: ukigonga jabali kabla ya kina cha goti, hama. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe shimoni. DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, siishauri: mizizi ya mgrivea imeumbwa kujitafutia fosforasi kwenye ardhi maskini, na ukiizidishia unaiumiza.

Nafasi ndiyo inayowaponza watu. Mche wa leo unaweza kufika mita 20, na matawi yake ni mepesi kukatika. Nanyi mnazijua dhoruba za ziwani zinavyokuja jioni bila hodi. Uwe mita nane au zaidi kutoka nyumbani, mbali na nyaya za umeme.

Panda mvua za vuli zikishakolea, Novemba hivi, mche upate mvua mpaka masika yaishe. Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Septemba, upe ndoo ya maji ya lita 20 mara mbili kwa wiki, taratibu, ardhi iyanywe yote. Weka matandazo, ila yaachane na shina kwa upana wa kiganja, la sivyo umewaandalia mchwa meza. Kagua shina kila wiki. Ukiona njia yao ya udongo, ibomoe na ufukue kichuguu. Mti unaochuruzika gundi huku ncha zikikauka aghalabu una kiu au umeshikwa na ugonjwa wa shina: kata sehemu iliyokufa, ichome, ongeza maji.

Kupogolea, tumia msumeno. Panga linachana gome. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini kidogo, ndipo umalizie kwa juu, lisije likaanguka na ngozi ya shina. Fanya hivyo mvua zikikaribia. Mti huchipua upya bila shida, hata ukiukata kichwa.

Ukichanua maua yake ya rangi ya chungwa, nyuki watajaa. Mwenye mizinga atafurahi. Mwenye ngozi nyepesi avae mikono mirefu anapokata matawi, kwani huwasha baadhi ya watu. Na kama unavuna maji ya mvua kwenye simtanki, safisha mifereji ya bati kabla ya Oktoba: kiangazi mti huu humwaga majani mengi, na hayaozi upesi.