Lori linakula mafuta? Pima kabla ya kumtuhumu dereva

Mwenye lori akiona mafuta hayafiki, wa kwanza kulaumiwa ni dereva: kanyonya. Miaka yangu ya gereji kando ya barabara ya Tanzam, nimeona kijana akifukuzwa kazi kwa sababu ya mpira wa hewa ya injini uliopasuka. Tangu siku ile sifungui hata boliti moja kabla gari halijapimwa.

Hatua ya 1: Tanki kwa tanki
Jaza mpaka shingoni, gari likiwa mahali tambarare. Andika kilomita. Nenda safari, rudi kituo kilekile, jaza mpaka palepale. Lita ulizoongeza ndizo ulizotumia: kilomita 600 kwa lita 300 ni kilomita 2 kwa lita. Usipime kwenda tu, maana kutoka Dar es Salaam unapanda na mzigo, kurudi unashuka, mara nyingi mtupu. Andika pia uzito uliosomwa mizani. Namba iamini baada ya safari tatu.

Hatua ya 2: Matairi na breki
Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji. Kugonga kwa nyundo hakutoshi, na tairi za ndani ndizo husahaulika. Halafu endesha kilomita 10 hivi bila kutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa. Ile yenye joto kuliko wenzake, breki yake inashika.

Hatua ya 3: Hewa
Hapa tafadhali usiwe na haraka. Lori likitoa moshi mweusi mlimani, wengi hukimbilia kubadilisha nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, na nozeli ni pesa nyingi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Anza na chujio la hewa. Likijaa, weka jipya. Ukilipuliza kwa kompresa karatasi hutoboka, vumbi likaingia kula ringi za pistoni.

Kisha fuata mipira ya hewa kutoka turbo (inayosukuma hewa) hadi intakula (inayoipoza), na kutoka intakula hadi injini. Lori la yule kijana, klipu zote zilikuwa zimekaza na mipira ukiitazama kwa juu ni mizima. Tukaziba mdomo wa turbo, tukaingiza upepo mdogo wa kompresa, usiozidi psi 20, tukapaka povu la sabuni. Likachemka upande wa chini, pale mpira ulipokuwa ukisuguana na chuma: ufa wa urefu wa ukucha, umezungukwa na mafuta yaliyoshika vumbi.

Nozeli na pampu vifuate baada ya hapo, kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima.

Hatua ya 4: Mguu wa dereva
Shika rangi ya kijani kwenye geji ya mizunguko ya injini. Kutoka spidi 70 hadi 80, upinzani wa hewa huongezeka kwa karibu asilimia 30. Ukishuka mlima mkali kama Kitonga, usitoe gia kamwe. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, injini za kisasa hukata dizeli kabisa. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa, breki zinaungua, na watu wanakufa. Foleni ya mpakani Tunduma, zima injini: lori kubwa likinguruma limesimama hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa.

Rekebisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uende kingine. Daftari likae kwenye kebini, dereva aandike, mwenye gari asaini.